Takataka Zilizopigwa Pasi

Kilichoonekana kwanza kwake ni pua. Haikuwa kubwa wala ndogo, ila ilikuwa haitulii. Ilikunjamana alipopita mtu na mfuko wa plastiki, ikakunjamana jirani alipomwaga maji ya sabuni barabarani, na ikakunjamana zaidi kila alipoingia katika duka la dobi la shangazi yake, ambako ndiko alikofanya kazi, akala na akalala. Mteja aliyeleta suruali kufuliwa alikutana na pua hiyo kwenye kaunta kabla hajakutana na salamu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, na yeye, badala ya kuchukia, alilipokea jina hilo kama cheo.

Tangu chuo kikuu kimjulishe kwamba jina lake limo miongoni mwa waombaji waliovuka mchujo wa kwanza wa Shahada ya Mazingira na Maendeleo Endelevu, pua ilikosa likizo. Masomo hayakuwa yameanza, lakini yeye alikwishaanza kuhitimu. Alitamka "mfumo ikolojia" huku akipanga soksi za wateja. Alinunua mabuti ya mpira kwa ajili ya safari za mafunzo mabondeni, akayavaa humo humo dukani, kwenye sakafu kavu, ili eti miguu iyazoee. Shuka ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua aliikata akashona mfuko wa kwendea sokoni, na kila alipoutundika begani alitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kujifunza.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele palikuwa na kaunta, katikati mashine zilizotetemeka kama zina homa, na nyuma meza ya pasi alikosimama Mzee Pasi, mume wa shangazi, mtu mkimya ambaye nyusi zake zililowa mvuke kutwa nzima. Mlango wa nyuma ulifungukia uani, kwenye kamba za kuanikia. Familia iliishi vyumba vya juu, na harufu ya wanga ilipanda ngazi pamoja nao walipokwenda kulala. Kila nguo iliyotoka hapo ilitoka ikiwa imetundikwa kwenye henga, imevikwa nailoni toka mabegani hadi chini, na nailoni imepigwa fundo. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wa kila siku.

"Shangazi, hii nailoni itakaa ardhini miaka na miaka wewe ukiwa umeshakufa."

"Basi walau kuna kitu changu kitakachodumu. Funga fundo."

"Mteja akifika kwake anaichana anaitupa. Faida yake nini?"

"Shati lisilo na nailoni ni shati lililofuliwa nyumbani. Nani atatoka kwake aje kwangu kuchukua shati la kufuliwa nyumbani? Funga fundo, msomi."

Mkaguzi alifunga fundo kwa ncha za vidole, kama anayemshika panya mkia. Moyoni alimhurumia shangazi yake kwa ile huruma ambayo mtu humpa kuku. Alimwona ni mwanamke ambaye dunia yake ilianzia kwenye kola ikaishia kwenye pindo, asiyejua mto unapita wapi wala sabuni yake inaishia wapi, na mbaya zaidi, asiyetaka kujua.

Shangazi naye hakubaki nyuma katika kudharau. "Huyu mwanangu," aliwaambia wateja, "maana ni mwanangu, kaka yangu aliniachia akiwa hajaota meno, huyu anakwenda chuo kikuu kusomea takataka. Wenzake wanasomea udaktari. Wa kwangu anasomea pipa." Aliwaambia hivyo waliokuja kuchukua nguo, waliokuja kuleta, na hata waliosimama mlangoni kuuliza njia tu.

Kisha yakaja maagizo kwenye simu. Waombaji walikuwa wengi kuliko viti, kwa hiyo walimu waliamua kuwatazama ana kwa ana. Kila mwombaji akusanye takataka zote za nyumba anayoishi kwa wiki nzima, asiongeze, asipunguze, azilete Ijumaa mbele ya jopo, azimwage mezani na aeleze zimetoka wapi, zingekwenda wapi na zipi zingeweza kuepukwa. Atakayeshawishi jopo atapata kiti. Asiyeshawishi ajaribu mwakani, au asijaribu tena.

Mkaguzi alijua vizuri maana ya kutojaribu tena. Shangazi alishatamka, mbele ya Mzee Pasi, kwamba chuo kikishindikana funguo za duka zitakuwa zake, kaunta itakuwa yake, na mafundo yote ya nailoni yatakayofungwa mpaka azeeke yatakuwa yake. Shangazi alilisema hilo kama zawadi. Mkaguzi alilisikia kama hukumu.

Aliwasomea maagizo mezani, wakila.

"Hebu rudia hapo," Shangazi alisema. "Takataka za nyumba yangu ziende zikaangaliwe na maprofesa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Waone tunakula nini? Waone majani ya chai tunayapika mara ngapi?"

"Ndiyo kusudi lenyewe. Tena zikiwa kama zilivyo. Msiguse kitu, nawaomba. Kuna gunia nimeliweka uani karibu na tangi, kila kitu kiingie humo."

"Kama zilivyo," Shangazi alirudia, na mkono wake ukaenda wenyewe kufuta kombo la mkate lililokuwa mbele yake.

"Mwache mtoto," Mzee Pasi alisema. Yalikuwa maneno yake ya siku hiyo.

Wiki ile nyumba haikukalika. Mkaguzi alisimama nyuma ya kila mtu aliyekuwa na kitu mkononi. Mzee Pasi alitupa kijiti cha meno dirishani, akaamriwa ashuke akakitafute, akashuka. Maganda ya viazi yaliingia gunia moja na masizi ya sufuria, magazeti yaliyofungia nyama yakajazana na maganda ya mayai, na kufikia katikati ya wiki gunia lilikuwa na harufu ya kutosha kumfanya mkaguzi wake ajivunie. Alilichungulia kila asubuhi kama mtu anayemtazama mtoto wake akinenepa.

Kitu kimoja tu hakikuingia humo. Joto la mashine lilikuwa kali, na mchana Mkaguzi alikuwa na desturi ya kuvuka barabara kununua maji baridi ya chupa, yeye aliyewahi kumkemea mteja mzima na suti yake kwa sababu ya chupa kama hiyo. Alizinywa akiwa amegeukia ukuta, kisha akarudi kwa kupitia kwa jirani, Fundi wa Mapazia, na kuzitumbukiza katika pipa lake. Hoja aliijenga vizuri, ina utangulizi na hitimisho: maagizo yamesema takataka za nyumba, na chupa amezinywea barabarani, kwa hiyo chupa ni za barabara. Kwamba Fundi wa Mapazia ndiye huyo huyo ambaye yeye Mkaguzi aliwahi kumwambia, mbele ya watu, kuwa vipande vyake vya vitambaa ni aibu ya mtaa, hilo halikumsumbua. Pipa lililokwisha kuaibika, aliona, haliongezewi aibu.

Ijumaa aliamka, akavaa mabuti yake, akashuka uani. Gunia halikuwepo.

Akaingia dukani mbio. Shangazi alikuwa kaunta, amejifunga kilemba safi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, uso umejaa ile furaha ya fundi aliyemaliza kazi ngumu. Mbele yake, kwenye fimbo ya chuma wanakotundikwa suti za wateja wakubwa, zilining'inia henga zimepangwa mstari, kila moja imevikwa nailoni mpya, kila nailoni ina fundo.

Ndani ya nailoni zilikuwa takataka.

Magazeti ya nyama yalikuwa yameloweshwa, yakatolewa damu, yakatiwa wanga na kupigwa pasi hadi yakasimama kama kola za maharusi. Mifuko ya mkate ilikuwa imefuliwa na kuanikwa. Makopo yaling'aa. Maganda ya mayai yalikuwa yameoshwa na kupangwa ndani ya boksi, upande uliovunjika umefichwa chini. Maganda ya viazi yamesuguliwa, yamekaushwa, yamefungwa kwa utepe. Hata majani ya chai yalikuwa yamesuuzwa mpaka maji yakatoka meupe, na sasa yalikuwa kwenye kimfuko, yamepauka, hayana kumbukumbu yoyote ya chai.

"Masizi yamekataa kutoka," Shangazi alisema kwa unyenyekevu wa kiufundi. "Nimeyaacha. Mengine yote yako sawa."

Mkaguzi aliisogeza pua yake kwenye nailoni ya kwanza, akanusa wanga mtupu.

"Shangazi. Wameagiza uchafu."

"Uchafu kila mtu anao. Hawa watu watatembelewa na uchafu kutwa. Wa kwetu watauona ni wa watu."

"Mimi nilisema msiguse!"

"Usinipandishie sauti dukani kwangu. Mlango huu haujawahi kutoa kitu kichafu tangu niufungue, hautaanzia kwako. Unataka uingie chuo kikuu na gunia linalonuka, waseme, ehe, kumbe mtoto wa dobi? Mimi dobi! Nitauficha wapi uso wangu?"

"Uso wako! Uso wako nani anaujua? Maisha yako yote ni kufunika tu. Unafua, unafunika, unafunga fundo, basi, umemaliza dunia. Wewe huelewi chochote, Shangazi. Huelewi, na hujui kwamba huelewi."

Pasi ya Mzee Pasi ilisimama, mvuke ukapanda peke yake. Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alinyoosha mkono, akaishika henga ya mwisho mstarini, akaigeuza.

"Labda," alisema. "Ila nimekuwekea na za kwako."

Ndani ya nailoni zilikuwa chupa za maji, nyingi, zimeoshwa, lebo zote zimenyooshwa na kutazama mbele.

"Fundi wa Mapazia amekuwa akizirudisha kila jioni. Anasema hapokei takataka za mtu anayemsema. Nilikuwa nazificha chini ya kaunta nisikuaibishe. Lakini si umesema zisipunguzwe?"

Mkaguzi alitoka nje na mabuti yake yakipiga kelele sakafuni, akaenda moja kwa moja kwa jirani. Alikuwa amepata wazo, na ubaya wa wazo lenyewe ni kwamba lilimjia haraka mno. Fundi wa Mapazia alikuwa mlangoni kwake, pini amezibana midomoni.

"Fundi, shikamoo. Nina ombi. Naomba takataka zako za wiki hii."

Fundi alitoa pini moja moja, kwa raha zake, akazichomeka begani.

"Marahaba. Takataka zangu? Hizi zilizo aibu ya mtaa?"

"Fundi, nina haraka."

"Zangu haziazimwi, mama. Kila mtu aaibike na za kwake." Akarudisha pini mdomoni, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Kwa hiyo alikwenda na henga. Mzee Pasi alimtwisha begani jinsi wanavyotwishwa wapeleka suti kwa wateja. Mbele ya duka Mkaguzi alisimama, akaichomoa ile henga ya chupa na kuiegemeza ukutani, akapiga hatua. Dirishani kilemba cha Shangazi kilikuwa kinamtazama. Alirudi akaichukua, si kwa sababu ya ukweli, bali kwa sababu hakutaka kuonekana na yule mwanamke akipunguza.

Korido ya chuo ilinuka kama dampo lenye vyeti. Waombaji walikaa kwenye mabenchi wamekumbatia magunia na ndoo, kila mmoja akiutazama uchafu wa mwenzake kwa jicho la ushindani. Karibu na mlango alikaa kijana mwenye shati la kitani, na mapajani mwake kulikuwa na kopo la jamu, la kioo, ndani yake vipande viwili vitatu vya karatasi.

"Mwenzetu," alimwambia Mkaguzi, sauti ikasikika mpaka mwisho wa benchi, "umekuja kuomba nafasi au umeletea walimu nguo zao?"

Benchi likacheka. Pua ya Mkaguzi ikajikunja, ikamshuka kijana toka kola hadi kopo.

"Na hizo ndizo za wiki nzima kwenu?"

"Sisi tunaishi kwa uangalifu."

"Basi mnakula kwa jirani."

Benchi likacheka tena, safari hii kwa upande mwingine, lakini moyo wake haukutulia. Alipoitwa, nailoni zilichakarika hadi ndani.

Jopo lilikuwa na watu wawili: mhadhiri mwanamume mwenye tai, na mhadhiri mama mwenye miwani mizito. Meza yao ilikuwa imetandikwa turubai na kila mmoja alikuwa na chupa ya maji mbele yake. Wakati wowote mwingine Mkaguzi angeziona chupa zile na kuwahukumu papo hapo. Leo alizitazama, akatazama pembeni.

"Mwaga," mwenye tai alisema bila kuinua macho.

"Hazimwagiki, mheshimiwa. Zinatundikwa."

Hapo macho yaliinuka. Mwenye tai alisimama, akazunguka zile henga polepole, akagusa gazeti kwa kidole. Gazeti halikukunjika.

"Zimepigwa pasi."

"Na wanga pia."

"Maagizo yalisema nini, binti?"

"Zisiongezwe, zisipunguzwe. Hayakusema zisifuliwe."

"Usituletee ujanja wa shule ya msingi. Tumekaa hapa tangu asubuhi tunanusa samaki wa watu, halafu wewe unatuletea maonyesho ya mavazi. Hiki ni kichekesho." Alirudi kitini, akafunga kalamu yake.

Mhadhiri mama alikuwa amefungua boksi la mayai, analichungulia. "Nani kafanya hivi?"

"Shangazi yangu. Ni dobi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alijua mtaziangalia."

Mama yule aliliweka boksi chini kwa uangalifu zaidi kuliko alivyolishika. "Na hizi nailoni mpya? Ni za nyumbani?"

"Ni za kufunikia. Nilizibeba njia nzima, nikawa nafikiri, zikipimwa huenda zikazidi vitu zilivyofunika. Dukani kwetu kila nguo inatoka hivi. Hizi hapa ni za Ijumaa moja tu, tena za takataka."

"Na chupa? Mnakunywa hivi nyumba nzima?"

Jina la Mzee Pasi lilimfika Mkaguzi kwenye ulimi. Mtu anayesimama katika mvuke kutwa, nani angeshangaa akisikia anakunywa maji? Mzee mwenyewe asingejua, na angejua asingesema. Kiti kilikuwa pale, umbali wa neno moja. Alitazama zile lebo zilizonyooshwa moja moja na vidole vilivyochoka, zote zinamtazama yeye.

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nakunywa kwa siri, natupa kwa jirani. Jirani akawa anazirudisha."

Mwenye tai alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa. "Yaani unaomba kusomea mazingira, na takataka zako unatupa kwa jirani?"

"Ndiyo."

"Na sababu?"

"Nilitaka muione nyumba ya shangazi yangu, mimi msinione."

Mhadhiri mama aliandika, akaandika tena, kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa anayesubiri. Mwenye tai alimtazama Mkaguzi kama Mkaguzi alivyozoea kuwatazama watu, na ndipo binti wa watu alipojua jinsi inavyouma.

"Tutatuma ujumbe kabla ya wiki ijayo kwisha," mama alisema. "Chukua vitu vyako."

Shangazi alikuwa kaunta alipomwona anarudi na henga zote begani, mabuti yamejaa vumbi. Hakuuliza mpaka alipompokea mzigo na kuutundika mahali pake.

"Walisemaje?"

"Walitandika turubai mezani, wakasema hawajawahi kuona kitu kama hicho."

"Bila shaka hawajawahi," Shangazi alisema, akainua kidevu. "Watu wanaotandika turubai mezani watakuwa wameona nini?"

Mkaguzi alisogea kwenye kaunta. "Shangazi, yale niliyosema asubuhi."

"Uliyasema. Suti ya yule meneja haijafungwa fundo."

Akaifunga. Lilitoka zuri, na hakuna aliyelisifia.

Wiki iliyofuata simu ya Mkaguzi ilihamia kaunta, ikawekwa pembeni mwa kikapu cha vifungo. Shangazi alisema hajali. Alimwambia kila mteja kwamba hajali. Chuo chenyewe, alisema, hakina hata mtu wa kuipigia pasi tai ile aliyohadithiwa, na kama hawamtaki mtoto wake basi wabaki na samaki wao. Lakini mashine ilipounguruma sana aliizima, na mteja alipotaka kuegemea kaunta alihamishwa upande wa pili. Mzee Pasi, ambaye hakuwa na desturi ya kuja mbele, alijikuta ana sababu nyingi za kuja mbele.

Alhamisi alasiri simu ikalia. Watu watatu waliifikia pamoja, mkono wa Shangazi ukawa wa kwanza. Alikuwa yule meneja mwenye suti, anauliza kama iko tayari.

"Iko tayari, na usipige tena namba hii," Shangazi alisema, akakata, akairudisha simu mahali pake, skrini ikitazama juu.